Kitheka Aingia Grupu ya Vijana

Mume wangu Kitheka ni dobi pale Adams Arcade, na hata Jumapili mikono yake haitulii. Anatufulia nguo sote kwenye bomba la ploti yetu hapa Uthiru. Majirani walicheka wakachoka. Mimi nimkataze, kwani nina wazimu?

Aliyeona aibu ni Quincy, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Msichana wake Maureen alipomwacha, alijifungia na simu. Humo akapata grupu ya vijana wanaofundishana kwamba mwanamke ni adui. Akaanza kula chumbani, nikimsalimia ananyamaza. Nilikasirika mpaka nikataka kumtupia virago vyake nje. Lakini angeenda wapi, kama si kwa hao hao? Nilikuwa nampoteza huku namwona.

Kitheka hakumgombeza. Alimwambia tu, "Niingize na mimi. Si ni grupu ya wanaume?"

Quincy akamwingiza, nadhani kwa dharau. Basi mzee akafanya vile wazee hufanya kwenye grupu zao: kila asubuhi picha ya maua na "Mungu awabariki", halafu meseji ndefu ya sauti, akiuliza nani ameamkaje, nani amekunywa chai, mama zao wanaendeleaje. Wao wanatukana wanawake, yeye anawaeleza jinsi ya kutoa doa la mafuta kwenye shati jeupe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini vijana wakaanza kumjibu. Mmoja alisema hajaongea na mtu wiki nzima. Mwingine alitaka kujua mzee humwombaje mkewe msamaha.

"Namwambia nimekosa," Kitheka akajibu, "halafu nafua mapazia."

Kiongozi wao akaona anaharibiwa kazi. Akamtoa, akaandika kwamba mzee huyo amekaliwa chapati na mkewe, yaani anatawaliwa nyumbani, kisha akanitukana mimi tusi ambalo sitalirudia hapa.

Nilikuwa jikoni nikikoroga muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, Quincy alipoingia akanipa simu. Chini ya lile tusi alikuwa ameandika, "Huyo unayemtusi ni mamangu." Halafu akatoka kwenye grupu.

Maisha yake yote ameniita Anti. Nilikaa kwenye stuli nikalia kwa furaha, muthokoi ukaungua, na tukaula hivyo hivyo.