Safu Tatu za Bwana Mkaguzi

Siku hizi nasikia walimu wanafundishwa kumtambua mtoto mwenye akili zake timamu ambaye herufi hazimkai, na kwamba shida hiyo ina jina. Vizuri. Sisi, enzi za Mwingereza, tulifundishwa kutambua wavivu.

Tuliitwa mjini Arusha kwa juma zima, walimu wa shule za vijijini, tukalala vyumba vya kupanga Kaloleni. Mkufunzi alikuwa Bwana Mkaguzi, Mwingereza aliyejifunzia Kiswahili Tanga, na kila tulipofungua kinywa alitusahihisha lafudhi. Alikuja na karatasi yenye safu tatu: Mwepesi, Mzito, Mvivu. Mtoto anasoma ukurasa kwa sauti, wewe umeshika saa. Akiwahi, ni mwepesi, mpandishe darasa. Akichelewa, ni mzito, arudie. Aliyesoma jana na leo hasomi, huyo ni mvivu, na dawa yake ni fimbo nne. Hiyo ndiyo elimu iliyovuka bahari kutufikia.

Mwalimu mmoja, mama mkubwa kuliko sisi wote, aliinua mkono. Alieleza kwamba anaye mtoto anayewashinda wenzake wote hesabu za kichwa, lakini mbele ya maandishi anatokwa jasho. Aandikwe safu ipi? Bwana Mkaguzi aliigeuza karatasi, akatazama hata nyuma yake.

"Safu ni tatu, mama," alisema.

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa natafuta cheti.

Wakati huohuo nilikuwa naye mtoto wa namna hiyohiyo, darasa la pili, shuleni kwetu juu ya Nkoaranga. Alikuwa binti wa miaka tisa hivi. Nyumbani kwao walisema Kimeru. Kiswahili alikipata kwetu, nasi tulikuwa na njia moja tu ya kukifundisha: kuimba kitabu. Mwalimu anasoma mstari, darasa zima linaitikia, mpaka kitabu kinaisha, kisha tunaanza upya. Hata mbuzi waliofungwa nyuma ya darasa wangefaulu. Binti yule alikuwa amekiimba kitabu chote kikamkaa kichwani, bila kuijua sawasawa hata herufi moja. Nilijua. Nilishamwona akiandika jina lake kwa namna tatu siku moja.

Bwana Mkaguzi alipopanda kuja kututahini, alimfungulia ukurasa wa katikati. Kidole cha mtoto kikateremka, maneno yakatoka bila kukwama. Dirisha letu halikuwa na kioo. Upepo ukafunua ukurasa mwingine, naye akaendelea na uleule wa kwanza mpaka mwisho. Mkaguzi hakuona kitu, macho yake yalikuwa kwenye saa. Akaandika Mwepesi, akaagiza binti apandishwe darasa la tatu, akatia saini cheti changu na kunipa mkono. Madebe mawili matupu tukapongezana.

Darasa la tatu lilikuwa na kitabu kipya. Mwalimu mkuu alimsimamisha asome, binti akanyamaza. Kesho yake akanyamaza tena. Mwalimu mkuu akaitoa ile karatasi: mwepesi ambaye ghafla hasomi ni mvivu. Akamleta kwangu pamoja na fimbo, kwa kuwa ndimi niliyemfundisha. Nilimuuliza binti kwa nini hasomi.

"Mwalimu, hiki bado hatujakiimba," alisema.

Hakuwa na hofu. Alidhani nimesahau tu, na sasa nimekumbushwa.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Ningemwambia kwamba mtoto huyu hajui kusoma, basi, yangekwisha. Lakini ningekuwa nimesema pia kwamba kwa miaka miwili sikumfundisha kitu, na kwamba cheti changu ni karatasi ya kufungia maandazi. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi niliuficha wangu kwa mikono miwili. Nimemdharau yule Mzungu maisha yangu yote, na sijamaliza kumdharau, lakini siku ile yeye alikuwa mjini na fimbo ilikuwa mkononi mwangu.

Nilimchapa nne. Hakulia. Alipiga goti, kama tulivyowazoeza wote, akasema, "Asante, mwalimu."

Hakurudi tena shuleni, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.