Filimbi ya Mudogo Yangu

Mutu akigusa machine yangu wakati inarekodi, ninaweza kumupiga kofi hata kama ni pasta. Chorale zote za Butembo zinajua hiyo. Bananiita Mama Machine, na mimi ninaitika. Ni kamashini kadogo, kanaingia mukononi kama kipande cha sabuni, lakini ndani yake nimeshaingiza nyimbo za kwetu Baprotestanti na za Bakatolika, harusi, matanga, hata avion za Rughenda, ile siku chorale moja ilijitia kuimbia wageni karibu na kiwanja cha ndege. Sitasahau ile kelele. Nililia.

Masharti yangu ni machache na siyabadilishi. Pile, ni kusema betri, mupya, hata kama za zamani bado zina nguvu. Groupe ya umeme na kelele yake iende mbali, nyuma ya kanisa, mwenye kunung'unika anung'unike. Ukibonyeza bouton mara moja, machine inasikiliza tu, haishiki kitu. Lazima ubonyeze tena na uangalie kama namba zinatembea. Batu wengi bamelia kwa kusahau hiyo mara ya pili. Sauti ya kurekodi ninaiacha chini kabisa, kwa sababu mama moja akipiga kigelegele karibu, sauti inapasuka na hakuna fundi wa kuishona. Na nikishaanza, sizimi kati ya wimbo na wimbo. Ninazima wakati ndani kumebaki viti tu.

Ile siku ya Mungu chorale yetu ilialikwa kwa kanisa moja upande wa Oicha, katikati ya mashamba ya kakao. Mudogo yangu alinipakia kwenye moto yake, pikipiki, toka Butembo, Beni tukaipita, mugongo ukaniuma. Ni mwanaume mukubwa, ana bibi na batoto, anauza vipande vya moto, na kila jioni yeye ni arbitre wa mupira mu quartier yetu. Filimbi haitoki shingoni mwake. Bibi yake anasema hata usingizini iko pale. Kwetu, chorale ikichemka, lazima mutu apige filimbi. Concert bila filimbi ni sombe bila chumvi.

Mais kule, filimbi ni kitu kingine. Kule inapigwa wakati adui anatoka mu pori na mapanga. Anayemuona wa kwanza anapiga filimbi, jirani anapiga sufuria, kila mutu anashika mutoto wake na kukimbia. Habakutuambia. Haikuwa roho mbaya: nani anamuambia mugeni kwamba moto unachoma?

Kanisa ilijaa mpaka madirisha yakazibwa na vichwa. Machine nilikuwa nimeifunga kwenye muguu wake wa chuma, karibu na nguzo, na casque kwenye masikio. Wimbo wa mwisho ulipopanda, bamama ba pale bakatoka kucheza mbele. Mama moja muzee, kitenge cha manjano, meno hakuna, akaja kucheza pale pale mbele ya machine yangu. Nilimukazia macho. Akanicheka tu, akazungusha kiuno. Eh, nilikasirika!

Ni pale mudogo yangu, nyuma kabisa, alipiga filimbi. Pii, pii, pii, ndani ya ngoma, bila kukosea.

Mutu moja akapiga kelele, kama adui ameshafika: "Beko hapa! Beko!"

Kanisa ilipasuka. Viti vilivunjika, batu bakapanda juu ya batu, bamoja bakapitisha batoto mu madirisha yenye vioo, damu ikashuka ukutani. Nilikumbatia nguzo. Nikaona kitenge cha manjano chini ya miguu, nikashika mukono wa yule mama, nikavuta, mutu akanikanyaga bega, mukono ukanitoka. Niliogopa sana. Mpaka leo nikiandika, bega linauma.

Inje hakukuwa adui. Kulikuwa kakao, jua, na batu banaotafutana. Halafu sauti moja: "Nani alipiga?" Bakamuona mudogo yangu, mugeni, filimbi shingoni.

"Ni mutu ya adui!" bakasema. "Alitaka tutoke inje batukate!"

Mutu aliyeumwa na nyoka anakimbia hata kamba, ninajua. Mais siku ile kamba ilikuwa mudogo yangu. Bakamupiga na mbao za viti, na mipini ya jembe. Nilisikia taya yake ikivunjika, ile sauti sihitaji machine ya kuikumbuka. Pasta alijitupa kati, bakamusukuma akaanguka. Bakaleta pneu, tairi ya gari, bakamuvalisha shingoni. Bakatoa essence, mafuta ya kumuchoma, ndani ya moto yake mwenyewe. Mimi niliuma mutu mukono mpaka damu yake ikajaa kinywa changu, na sijuti.

"Yaya!" mudogo yangu alikuwa ananiita, mimi dada yake mukubwa. "Yaya!"

Kisha mwanaume moja wa mabega mapana akatoka ndani ya kanisa. Alikuwa amebeba yule mama wa kitenge cha manjano mikononi. Alimulaza mama yake kwenye majani, akavua shati, akamufunika uso. Akaokota jiwe kubwa la musingi. Bote bakamuachia njia, kwa sababu maiti ilikuwa yake.

Nilikimbia ndani. Muguu wa machine ulikuwa umeanguka, mais machine yenyewe ilikuwa inashika bado, namba zinatembea. Groupe ilikuwa inanguruma kule mbali nilikoipeleka. Nikazima, nikachomeka kamba ya baffle, spika kubwa ya kanisa, nikarudisha nyuma mpaka wimbo wa mwisho, nikapandisha sauti ya baffle yote.

Wimbo ukajaa inje. Batu bakasimama. Nikatoka mulangoni na machine mukononi, kamba ikivutika nyuma yangu. Yule wa jiwe alikuwa juu ya mudogo yangu, jiwe juu ya kichwa.

Filimbi ikalia ndani ya baffle. Yule wa essence akaruka, akamwaga nusu chini. Na nyuma ya filimbi, kabla ya mutu kusema "Beko", kukaja kigelegele. Kirefu, cha mama muzee, kilichochakaa kidogo, na mwisho wake kicheko. Kama ningeacha sauti juu, kingepasuka na kufanana na kila kelele. Hakikupasuka. Kilikuwa kizima.

"Rudisha," yule mwanaume akasema.

Nikarudisha. Pii, pii, pii. Kigelegele. Kicheko.

Jiwe likashuka polepole mpaka tumboni kwake. "Ni mama," akasema. Halafu akageukia benzake, na sauti yake ilikuwa mubaya kuisikia: "Mama yangu alizika batoto babili baliouawa na adui. Filimbi ya adui aliijua kuliko sisi bote. Leo hakukimbia. Alimujibu huyu na kigelegele. Mutoeni pneu."

Bamoja hawakutaka. Alishika panga ya jirani na kusimama juu ya mudogo yangu mpaka tulipomupakia kwenye moto ingine, mimi nikimushika na bega moja, mutu wa chorale nyuma yake. Kule hospitali taya ilifungwa na waya. Sikio moja halisikii tena. Arbitre sasa ni mutu mwingine, na anakosea kila jioni.

Kabla ya maziko yule mwanaume alinitumia ujumbe: matanga inaomba ule wimbo. Nilikaa nao siku muzima, casque masikioni. Nilimupigia simu, nikamuambia nitatoa ile filimbi, nitaunganisha vizuri, mutu hatajua. Sikutaka batu ba kwao bashituke tena mbele ya jeneza. Kusema kweli, hata mimi sikutaka kuisikia.



"Mama," akaniambia, "ukitoa filimbi, mama yangu atakuwa anamujibu nani?"

Niliiacha.