Jina lenye mama alikataa kutaja

Leo ilibaki kidogo mama yangu aandikwe kama akili imemutoka!

Nilimupeleka ku hospitali ya hapa Wamaza juu siku hizi anasahau vitu.

Muganga akamuuliza: leo ni siku gani? Akajibu. Mwezi gani? Akajibu.

"Na bwana ya huyu binti yako, anaitwa nani?"

Mama kimya. Macho chini.

Muganga akashika biki aandike: "Amesahau."

Asahau wapi! Kwetu mutu na mama mukwe wake hawatajani majina, hata umuchinje.

Nikamuuliza: "Na weye muganga, mwenye uko mutu wa hapa kwetu, mama mukwe wako anaitwa nani?"

Akafungua kinywa. Akafunga. Akaanza kukuna kichwa.

Mama akamuangalia kwa huruma:

"Pole, mwanangu. Kusahau kumekupata ungali kijana hivi?"

Nyinyi wenye munacheka, andikeni hapa jina ya mama mukwe wenu, tuone.