Pesa Iliyobaki Ubaoni

Mwaka huo, wakati wa utawala wa kijeshi, sukari, chumvi na sabuni vilikuwa vimetoweka madukani Kampala, na mwalimu wetu wa hesabu akaamua kutufundisha kupanga matumizi ya nyumbani. Shule yetu ilikuwa Makindye, karibu na kambi ya jeshi. Wengi wetu tulikuwa watoto wa wanajeshi na polisi kutoka kaskazini. Baba yangu alikuwa polisi.

Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, viatu vyake vikimeremeta kila siku. Bila haya aliandika ubaoni mshahara wake mwenyewe.

"Nisaidieni nifike nao mwisho wa mwezi," akasema. "Sukari kilo moja shilingi ngapi?"

Tukamtajia bei tulizozisikia kwa mama zetu, bei za magendo. Akaandika, akatoa, akatoa tena. Hata kodi ya nyumba hatujaifikia, pesa zikaisha. Darasa zima likacheka, naye akacheka.

"Haya, tuache nini?"

Tuliacha sukari, tukaacha nyama, tukabishana sana kuhusu sabuni. Sikuwahi kulipenda somo la hesabu kama siku ile.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa binti wa sajini. Jioni alimsimulia baba yake somo lote kwa furaha. Asubuhi sajini akaingia darasani na bakora mkononi.

"Mwalimu, sukari iko bei gani?"

"Afande, ilikuwa hesabu ya mfano tu."

"Serikali iliweka bei. Wewe nafundisha watoto magendo? Andika bei ya serikali!"

Mwalimu akaandika. Kwa bei zile kila kitu kilinunuliwa, kodi ikalipwa, na shilingi kadhaa zikabaki. Sajini akaitazama ile tarakimu ya mwisho.

"Kumbe pesa inabaki."

"Ndiyo, afande."

"Sasa iko wapi? Lete hapa."

Mwalimu akatabasamu, akidhani ni mzaha. Bakora ikamshukia shavuni. Akageuza mifuko: leso, ufunguo, sarafu chache. Sajini akasema hazitoshi, akamvua saa. Bado haikutosha, akamwamuru avue viatu. Soksi zilikuwa zimetoboka visigino vyote viwili.

"Pigia mwalimu yenu makofi," sajini akatuambia. "Leo amelipa."

Tukapiga. Binti yake alipiga kwa nguvu kuliko sote, machozi yakimtiririka.

Nyumbani nilimweleza mama, nikitarajia amhurumie mwalimu. Akaniziba mdomo.

"Wewe ulitaja bei?"

"Tulitaja sote, mama."

Alinichapa kwa mwiko mpaka ukavunjika, mwenyewe akilia. Kisha akatoa sukari ya magendo aliyoificha chini ya kitanda, akaenda kuimwaga chooni.

Kesho yake mwalimu alikuja na ndala, shavu limevimba. Akaandika bei za serikali, tukanakili. Tulipofungua shule baada ya likizo hakuwepo. Wengine walisema amekimbilia Kenya. Wengine walisema jambo jingine, kwa sauti ya chini zaidi.

Wazazi wetu walitukataza kumkaribia binti wa sajini, akawa anakaa peke yake. Siku moja wakati wa mapumziko alinifuata bombani.

"Mimi nilisema tu tulichofundishwa," akaniambia.

Nilijaza maji kwenye kikombe changu, nikaondoka.