Dobi Achorwa

Dobi wa kijiji hakujua kukaa bure. Bwana Lisle, mchoraji aliyetoka London kuja kuchora maisha ya mashambani, alimkalisha kando ya jiko na beseni la viazi mapajani, akamwomba asitikisike. Lakini vidole vyake, vilivyopasuka kwa sabuni na maji ya baridi, vilianza kumenya vyenyewe.

"Tulia, mama. Shika tu."

"Nikishika tu nitalala, bwana."

Na kweli alisinzia, kisu mkononi. Jirani yake, Keziah, alichungulia mlangoni akacheka. "Malkia wetu anakoroma."

Picha ilipokwisha, dobi aliitazama kwa muda mrefu. Uso ulikuwa wake, hata kovu la kidevuni. Mikono ilikuwa laini, kama ya bibi harusi.

"Hii ni ya nani?"

"Yako, mama. Wanunuzi hawapendi kuona mikono iliyopasuka."

Alihisi kama mtu amemfutia miaka yote ya kufua. Hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo.

"Basi mwache huyo akae," alisema, akiinua kapu la mashuka ya kasisi. "Mimi maji yangu yanapoa."