Sindano ya Tatu

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, mama yangu alikuwa na haja moja tu duniani: kusujudu kama watu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, hasa la kulia. Alishuka kwenye mswala kwa kushika mguu wa kitanda, na kuinuka kulimchukua muda ambao mwengine angemaliza rakaa mbili. Majirani zetu wa Mji Mkongwe walimletea mafuta ya nyonyo, ya habasoda, na ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa tayari kukitaja. Alijipaka yote. Nyumba ikanuka, goti likabaki vile vile.

Nikampeleka Dar es Salaam kwa boti. Daktari alieleza bila mbwembwe: angetoboa matundu mawili madogo, apitishe kamera nyembamba, aoshe kiungo na kutoa vipande vya gegedu vilivyolegea. Baadaye angemdunga sindano tatu za ute wa kulainisha kiungo ndani ya goti, moja kila wiki. Kuponya hakuahidi. Alisema huenda akapata nafuu ya mwaka, na mama akasikia neno nafuu tu.

Operesheni ilikwenda salama. Baada ya sindano ya pili alisujudu bila kushika kitu, akakaa pale chini mpaka nikaingia wasiwasi. Kumbe analia. Mimi si mtu wa machozi, lakini nilifurahi.

Sindano ya tatu iliangukia Ramadhani.

"Nshasema siendi," aliniambia. "Sindano inatia kitu mwilini. Saumu yangu itabatilika."

Nilimwambia hajui asemalo. Akaniita jahili. Nikaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani nyuma ya nyumba yetu, nikamuuliza. Alicheka.

"Goti si tumbo, mwanangu. Mwambie Bi Mkubwa ende zake, saumu yake salama."

Nilirudi nikamkuta mama anamenya muhogo wa futari. Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini nilikuwa nimechoka na boti, na foleni, na kuomba ruhusa kila wiki skuli nilikosomesha, na lile neno jahili lilikuwa bado limenikaa kooni. Nikasema moyoni, kaamua mwenyewe. Nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya.

Baada ya Idi tulipopiga simu, daktari alikuwa keshahamia nchi nyengine. Miezi michache baadaye goti likavimba tena. Daktari wa pili aliniambia pengine ile ya tatu isingebadilisha kitu. Nimelishika jibu hilo miaka yote, na halijanisaidia.

Mama alisali kwa kukaa mpaka alipofariki. Kila akimaliza aliinua mikono, akamshukuru Mungu kwa kumjaalia asiiharibu saumu yake kwa ajili ya goti. Mimi, kando yake, niliitikia amin.