Sifuri Iliyobaki Kwenye Skrini

Hospitalini walimwita Mama Skrini, na wala hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alikuwa na binti mmoja mwenye jina lake zuri tu, lakini watu wakishakupachika jina la kazi ndiyo basi, utazeeka nalo. Kazi yake ilikuwa kutunza skrini za wodini, zile nyeusi zenye maandishi ya kijani. Hazina picha wala mapambo, ni herufi na tarakimu tu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha dobi, ukuta mmoja una joto la mashine za kufulia, na mezani kibodi iliyofutika herufi nusu. Miaka kumi na moja alikuwa akiongea na skrini hizo kwa lugha yao, amri fupi fupi ambazo nesi haoni: hii ya kusogeza mahali pa kuandika, hii ya kufuta mstari, hii ya kukoleza maandishi.

"Wewe unaijua skrini kuliko unavyonijua mimi," mumewe alizoea kumtania.

"Skrini nikiiambia inyamaze, inanyamaza," alikuwa akimjibu.

Sasa wakubwa wakanunua skrini mpya. Walimuuliza? Wamuulize, yeye nani! Zikafungwa Jumamosi, na Jumatatu asubuhi manesi wakaanza kulalamika kwamba zinapepesa. Tarakimu moja ikibadilika, mstari mzima unazimika na kuwaka, unazimika na kuwaka, mpaka mtu anaumwa kichwa. Mama Skrini akachungulia ndani ya programu, akaona sababu. Programu ilikuwa inafuta mstari kwanza, ndipo inaandika upya. Basi akaiondoa ile amri ya kufuta. Ya nini kufuta, si herufi mpya itaikalia ile ya zamani? Saa nne asubuhi skrini zote zikatulia tuli. Manesi wakampigia simu kumshukuru, naye, jamani, kichwa kikavimba. Akaenda zake kunywa chai.

Saa sita na dakika tano alikuwa amerudi mezani, akiichezea skrini ya akiba. Kitanda kimoja cha majaribio kilikuwa kimeandikwa "kimejaa". Akakibadilisha kiwe "wazi". Skrini ikaandika "wazijaa".

"Wazijaa ndiyo nini tena?" akacheka peke yake.

Kicheko kikakatika njiani. Neno fupi lilikuwa limekaa juu ya neno refu, na mkia wa lile refu ulikuwa umebaki palepale, kwa kuwa hakuna aliyeufuta. Neno likiharibika, mtu atacheka. Na tarakimu je? Nani atajua kwamba imeharibika?

Akafungua orodha ya mabadiliko yote tangu saa nne. Macho yalikuwa yanaruka mistari, akalazimika kuifuata kwa kidole. Tarakimu nyingi hazikuwa na neno. Moja tu ndiyo ilikuwa imefupika. Wodi ya kisukari, ghorofa ya nne, kitanda cha saba, insulini: kutoka uniti 40 kwenda uniti 8. Sukari ya mgonjwa ilikuwa imeanza kushuka, daktari akampunguzia. Ile nane ilikuwa imekaa juu ya nne, na sifuri haikuguswa. Kule juu skrini ilikuwa inasema themanini.

Insulini huchomwa kabla ya chakula cha mchana, saa sita na nusu. Uniti themanini zingemlaza huyo mgonjwa asiamke tena.

Akapiga simu wodini. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika! "Nani huyo anapiga soga saa hizi?" akaikemea simu, na sauti ilimtoka nyembamba mpaka akajishangaa.

Basi akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Aliipita programu pembeni, akaandika mwenyewe amri ya kufuta kila kitu, aitume moja kwa moja kwenye skrini ya wodi ile. Ni amri ya herufi nne tu. Vidole vikakosea mara ya kwanza. Vikakosea mara ya pili. Mara ya tatu ikaenda, na alijua kule ghorofani skrini imekuwa nyeusi tupu, na itabaki hivyo, maana programu inaamini maandishi yake bado yapo. Afadhali wasione chochote, alijiambia. Akazifuta na za wodi nyingine zote.

Hapo ndipo wazo jingine likamjia. Kama Sista, nesi wa zamu wa wodi ile, alishasoma je? Skrini ameifuta, lakini kichwa cha mtu hakifutiki.

Alitoka mbio. Mlango wa lifti ulikuwa umezibwa na machela mbili, akaparamia ngazi. Ndala moja ikamponyoka ghorofa ya pili, akaiacha hukohuko. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye goti bovu, na alikuwa anaogopa kama mtoto aliyepotea. "Asiwe amechoma," alikuwa akisema kwa sauti kila ngazi. "Asiwe amechoma, asiwe amechoma." Watu walimpisha. Nadhani walidhani amefiwa.

Sista alikuwa ameinama kwenye kitanda cha saba. Mgonjwa alikuwa bibi mmoja mwembamba, mkono wa gauni umepandishwa hadi begani. Ngozi ilishapanguswa, na sindano ilikuwa mkononi mwa Sista.

"Sista, acha! Usichome!"

Sista akageuka. "Mama Skrini, una nini wewe? Na kiatu kiko wapi? Skrini yako imezimika, bahati nzuri nilikuwa nimeshasoma."

"Umesoma ngapi?"

"Themanini."

"Ni nane."

"Nane?"

"Nane tu. Kosa ni langu, Sista. Asubuhi niliondoa amri ya kufuta, sifuri ya zamani ikabaki."

Sista akalitazama bomba la sindano, lilivyojaa. Akaliweka kwenye sinia polepole, akakaa ukingoni mwa kitanda bila hata kumwomba bibi nafasi.

"Nilishangaa," alisema. "Nilisema, mbona nyingi hivi? Nikataka kwenda kuangalia faili. Halafu nikajiambia, ah, hii ni skrini ya Mama Skrini. Miaka kumi na moja haijawahi kunidanganya."

Mama Skrini angetukanwa angeona nafuu.

"Wanangu," bibi akauliza, "mnachoma au hamchomi? Mimi nina njaa."

Wakaleta faili, wakaisoma wote wawili kwa sauti, wakachoma nane. Bibi akala, akalalamika kwamba chakula hakina chumvi.

Mchana uleule amri ya kufuta ikarudishwa, na skrini zikarudi kupepesa. Manesi wakalalamika, akawaacha walalamike. Kwa mganga mkuu alikwenda mwenyewe na kueleza yote kwa kinywa chake. Akatoka na barua ya onyo, na hakuibishia hata mstari mmoja.

Kesho yake saa sita na robo simu ya mezani ikalia. Alikuwa Sista.

"Mama Skrini, kitanda cha saba skrini inasema nane. Ni nane kweli?"

"Ni nane, Sista."

"Una hakika?"

Kabla ya jana asingeulizwa swali hilo. Akafungua orodha, akaifuata tena kwa kidole. "Nina hakika."

Kesho kutwa yake ikalia tena. Mpaka leo inalia, kila siku kabla ya chakula cha mchana, na Mama Skrini hajawahi kuipokea bila moyo kumdunda.